Hela ya Chakula na Uzito wa Mtoto: Mwongozo Kamili kwa Kaya za Kigoma

Kaya mbili za mtaa mmoja zinaweza kutumia hela ileile ya chakula kwa mwezi, na bado moja ikawa na watoto wenye uzito wa kawaida, nyingine ikawa na mtoto wa miaka tisa anayehema kila akipanda kutoka Stesheni kwenda Mwanga. Ukiwauliza wanakula nini, zote mbili zitajibu ugali, maharage na dagaa. Hawadanganyi. Kinachowatofautisha ni hela isiyopita kwenye sufuria: mia mbili ya barafu, mia tano ya shule, soda aliyonunua mgeni, chipsi za Jumamosi, na sukari inayokwisha tarehe ishirini bila mtu kujua imekwendaje. Mwongozo huu unaifuata hela hiyo hadi ionekane kwenye daftari, kisha unaonyesha namna ya kuihamisha.

Tuelewane kabla ya kuanza. Tatizo kubwa la lishe ya watoto Tanzania bado ni udumavu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta watoto 30 kati ya 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa, wakati wenye uzito uliozidi walikuwa takriban 4 kati ya 100. Anayesema unene wa watoto si shida yetu ya kwanza hajakosea kwa leo. Ila Septemba 2025 UNICEF ilitangaza kwamba duniani, kwa mara ya kwanza, watoto na vijana wa miaka 5 hadi 19 wenye kiribatumbo, yaani unene uliopindukia (asilimia 9.4), wamewazidi wenye uzito pungufu (asilimia 9.2). Afrika kusini mwa Sahara na Asia Kusini ndizo zilizokuwa bado hazijavuka mstari huo. Tuna nafasi ya kujipanga, basi.

Katika nchi zenye kipato kidogo, uzito uliozidi huanzia kwenye kaya zenye fedha. Mtakwimu wa Kijerumani Ernst Engel aliandika mwaka 1857 kwamba kadiri kaya inavyokuwa maskini, ndivyo sehemu kubwa ya matumizi yake inavyomezwa na chakula. Hela ikiongezeka kidogo, haiendi kwanza kwenye kiwanja au bati. Inakwenda kwenye ladha. Mafuta yanaongezeka chunguni, chai inakolea, nyumba inaanza kununua vilivyokwisha kupikwa. Nchi inapozidi kupata, vyakula hivyo vinashuka bei hadi vinamfikia kila mtu, na mzigo unahamia kwa wenye kipato cha chini. Ndiyo maana Meksiko iliweka kodi ya vinywaji vyenye sukari mwaka 2014, na Afrika Kusini ikafuata mwaka 2018. Hayo ni ya serikali. Ya nyumbani ndiyo haya yafuatayo.

Hatua ya kwanza: mpime mtoto, usiyaamini macho

Macho hudanganya pande zote mbili. Mtoto aliyedumaa ni mfupi, na akiwa mfupi uzito wa kawaida humfanya aonekane kibonge. Mwingine mrefu anaficha kilo nyingi. Uzito peke yake hauambii kitu mpaka ujue urefu.

Kwa aliye chini ya miaka mitano, nenda naye zahanati au kituo cha afya na kadi yake ya kliniki, uombe apimwe urefu pia. Siku nyingi za kliniki mtoto hupimwa uzito tu, foleni ni ndefu, na usipouliza hupimiwi. Muulize muuguzi swali moja: "Uzito wake kwa urefu wake uko wapi?" Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani, akivuka mstari wa +2 kwenye chati ya ukuaji ana uzito uliozidi, akivuka +3 ana kiribatumbo.

Kwa wa shule, hesabu unaifanya mwenyewe. Chukua kilo, gawa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Tuseme binti wa miaka 10 ana kilo 41 na urefu wa sentimeta 138. Mita 1.38 mara 1.38 ni 1.90, 41 gawa kwa 1.90 unapata 21.5 hivi. Kwa msichana wa miaka 10 uzito unahesabiwa umezidi ukipita 19.0, na ni kiribatumbo ukipita 22.6. Mvulana wa umri huo ni 18.5 na 21.4. Kwa hiyo binti huyu amezidi, ila hajafika kubaya. Usitumie ile 25 ya watu wazima kwa mtoto. Utamwona mzima wakati hesabu inasema vingine.

Onyo moja ambalo haliwezi kusubiri hatua nyingine. Mtoto mdogo akivimba ghafla mashavu na miguu, akawa mnyonge na nywele zinafifia rangi, huo si unono. Mbonyeze kwa kidole gumba upande wa juu wa nyayo zote mbili kwa sekunde tatu. Shimo likibaki, hiyo ni dalili ya utapiamlo mkali. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo, mambo ya bajeti yatangoja.

Hatua ya pili: daftari la wiki mbili

Wiki moja haitoshi, kwa sababu wiki ya mshahara na wiki ya ukata hazifanani. Chukua daftari la shule, piga mistari, weka safu tatu. Ya kwanza iite Sufuria: unga, mchele, maharage, dagaa, migebuka, mboga, nyanya, vitunguu, matunda yanayoliwa nyumbani. Ya pili, Mafuta na Sukari. Ya tatu, Njiani: kila kinacholiwa bila kupita jikoni kwako, yaani hela ya shule, mandazi ya asubuhi, soda, juisi za pakiti, biskuti, pipi, barafu, chipsi, mishikaki.

Watu wengi hukwama kwenye safu ya tatu, kwa sababu hela hiyo haitoki mkono mmoja. Mama anaandika yake. Baba ametoa mia tano akiwa mlangoni, hakusema. Shangazi amekuja kutoka Ujiji, kaacha elfu moja "ya watoto". Kuna na deni kwa Mangi: mtoto alitumwa chumvi, akaongeza biskuti, ikaandikwa. Bila kukusanya vyanzo hivi vyote daftari litakuonyesha kaya nzuri ambayo si yako. Njia rahisi ni kumkalisha mtoto jioni na kumuuliza kwa upole, "Leo umekula nini na nani alikupa?" Usimfokee akikujibu kweli. Ukimfokea mara moja, hutapata jibu la kweli tena.

Vya shambani navyo viandikwe. Muhogo wa nyumbani, ndizi za Kalinzi alizoleta mjomba, mawese ya shamba la familia: weka bei ambayo ungelipa sokoni Mwanga. Ofisi ya Taifa ya Takwimu hufanya hivyo inapopima matumizi ya kaya, na ina sababu. Usipohesabu mawese ya bure utadhani nyumba yako inatumia mafuta kidogo, kumbe dumu liko uvunguni.

Hatua ya tatu: gawa mafuta na sukari kwa vichwa

Hapa ndipo wengi hushtuka, kwa hiyo tukae kidogo.

Chukua mafuta yote ya mwezi, ya dukani na ya mawese. Gawa kwa idadi ya watu, kisha kwa siku 30. Kaya ya watu sita inayomaliza lita 5 inampa kila mtu mililita 28 hivi kwa siku, karibu vijiko viwili vya chakula. Kijiko kimoja kina takriban kilokalori 120, kwa hiyo ni kama 240 kwa kila kichwa. Kwa mtu anayelima kutwa Kasulu si neno. Kwa mtoto anayepelekwa shule kwa bodaboda na kurudi kwenye luninga, akaongeza chipsi na mandazi ambayo mafuta yake hayamo katika zile lita 5, hesabu imeanza kuwa nzito.

Sukari vivyo hivyo. Kaya hiyo ikimaliza kilo 6 kwa mwezi, kila mmoja anapata gramu 33 kwa siku, vijiko nane vya chai. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu yote anayopata mtu kwa siku, na ikishuka chini ya asilimia 5 ni bora zaidi. Mtoto anayehitaji kilokalori 1,600 kikomo chake ni gramu 40, na kiwango bora ni 20. Chai ya nyumbani peke yake imeshamfikisha 33. Soda moja ya mililita 350 huongeza takriban gramu 35. Amepita mbali, na hajala hata pipi.

Sasa neno kuhusu mawese, maana najua yatasemwa. Mawese mekundu si adui. Rangi ile ni karotini ambayo mwili unaigeuza kuwa vitamini A, na uji wa mtoto aliyeanza kula baada ya miezi sita unafaidika na kijiko kidogo. Tatizo letu ni mawili: tunayachemsha hadi yanapauka, karotini ikaungua, na tunayamwaga kwa kukadiria. Tena karibu nusu ya mafuta hayo ni ya aina inayoganda, ambayo mtu mzima anapaswa kuipunguza. Sombe (kisamvu) isiogelee. Pima kwa kijiko, usimimine kutoka kwenye dumu. Kwa mabadiliko yote yaliyomo humu, nadhani hilo ndilo linalozaa matunda mapema kuliko yote, na halina gharama.

Hatua ya nne: hamisha, usikate

Kosa la kawaida ni baba kusoma daftari, kukasirika na kupunguza hela ya matumizi. Sufuria ndiyo inayoumia. Dagaa hupungua, ugali hauguswi kwa kuwa unga ni wa bei nafuu, na mtoto aliyezidi uzito anaendelea kushiba wanga huku mdogo wake akikosa kitoweo. Jumla ibaki ileile; kinachobadilika ni safu.

Anza na hela ya shule. Mia tano kwa siku, siku tano, wiki nne, ni 10,000 kwa mtoto mmoja. Wawili ni 20,000. Nenda na kiasi hicho sokoni, uone kinaleta dagaa sado ngapi na maharage kilo ngapi kwa bei ya mwezi huo. Ukisha kuona kwa macho, mjadala na baba wa nyumba unakuwa mfupi.

Lakini usiikate hivihivi ukamwacha mtoto na njaa hadi saa nane. Kama shule inachangisha mahindi na maharage kwa ajili ya uji na chakula cha mchana, lipa mchango huo kwanza, na kama haijaanza, lisemwe kwenye mkutano wa wazazi. Pasipo na chakula cha shule, mfungashie: viazi vitamu vya kuchemsha, muhogo, ndizi, karanga kiganja kimoja, maji kwenye chupa. Bakisha siku moja ya hela, Ijumaa kwa mfano, anunue atakacho. Mtoto anayezuiwa kabisa ataomba kwa wenzake au atachukua kwenye kibubu.

Chai ya asubuhi inahitaji subira. Punguza nusu kijiko kila wiki. Ulimi utazoea bila mtu kugundua. Ukiondoa yote siku moja, kesho yake kila mtu atajiwekea mwenyewe na utakuwa umepoteza. Mandazi yawe ya mara mbili kwa wiki, siku nyingine uji wa nafaka, magimbi, au viazi lishe vyenye rangi ya chungwa.

Kuhusu kununua kwa wakati: Kigoma kitoweo kina majira yake, na kaya isiyoyajua hulipa zaidi. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kamili wavuvi wengi hupumzika, dagaa wanapungua Kibirizi na bei inapanda. Nunua wakati wa giza, anika vizuri, weka akiba ya kuvukia mbalamwezi. Zaidi ya hapo, mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Fuatilia tangazo la kila mwaka, na hela uliyoitoa kwenye safu ya Njiani tangu Januari igeuke gunia dogo la dagaa wakavu kabla ya Mei, na maharage ya Kasulu au Kibondo yanaposhuka bei baada ya mavuno. Kaya isiyo na akiba ya kitoweo ndiyo inayojikuta Juni inakula ugali kwa mafuta mengi na chumvi, au inatuma mtoto akanunue chipsi.

Hatua ya tano: sahani

Ugali wa muhogo una wanga mwingi na protini kidogo mno. Mtoto akipewa bonge kubwa na mchuzi, atakula hadi ashibe, na atakuwa ameshiba nguvu tupu. Changanya unga wa muhogo na wa mahindi kama nyumba inakubali. Pakua mboga na kitoweo kwanza, vijaze nusu ya sahani au zaidi, ndipo uweke ugali. Dagaa waliwe wazima na mifupa yao. Dagaa wakavu protini ni kama nusu ya uzito wao, na mifupa hutoa kalsiamu. Mnaokula sinia moja, mpakulie mtoto pembeni kwa muda, kwa sababu kwenye sinia mwenye kasi ndiye anayeshinda na huwezi kujua nani kala nini.

Akisema ameshiba, mwache. Hii "maliza chakula, usichezee riziki" inafundisha tumbo kupuuza taarifa zake. Kilichobaki kifunikwe, kitaliwa jioni.

Hatua ya sita: bibi, baba na majirani

Bajeti hii inaweza kuvunjwa na watu wanaompenda mtoto. Kwa bibi aliyeona miaka ya njaa, mjukuu aliyenona ni ushahidi kwamba nyumba inatunza, na mama anayekuja na habari za kupunguza anaonekana bahili. Usibishane naye kuhusu unene. Mpe kazi.

"Shikamoo mama. Zahanati wamempima mjukuu wako, wamesema uzito umepita urefu wake. Naomba unisaidie: ile hela unayompa ya soda, mnunulie parachichi au ndizi, na jioni utoke naye mpaka kwa mama mdogo kwa miguu."

"Marahaba mwanangu. Kwa hiyo nisimpe kitu?"

"Mpe, mama. Mpe tunda."

Bibi akipewa nafasi ndani ya mpango, mara nyingi ndiye anayekuwa mkali kuliko wewe. Baba naye atoe hela yake kwa mama, isiende moja kwa moja mkononi kwa mtoto. Na nyumba nzima ikubaliane kutomwita "bonge" wala "kibonge", hata kwa utani. Mtoto anayechekwa hula kwa kujificha, na kinachojificha hakiingii kwenye daftari.

Kutembea ni sehemu ya mpango, ila sitakaa sana hapo. Wa miaka 5 hadi 17 anahitaji walau dakika 60 za shughuli za kumtoa jasho kwa siku. Shule ikiwa karibu na njia ni salama, aende kwa miguu. Acheze rede, mpira, kamba, achote maji. Aliye chini ya miaka miwili asiwekwe mbele ya simu wala katuni, na wa miaka miwili hadi minne isizidi saa moja.

Hatua ya saba: pima tena baada ya miezi mitatu

Rudia daftari la wiki mbili, rudia na vipimo. Usitarajie kilo zishuke. Mtoto anakua, kwa wengi lengo ni uzito usimame, au upande polepole, urefu uufikie. Yule binti wa kilo 41 akibaki na 41 hadi atakapofika sentimeta 142, hata kama ni baada ya miezi mingi, uwiano wake unashuka kutoka 21.5 hadi 20.3, na hajalala njaa hata siku moja. Kama kwenye daftari safu ya Njiani imepungua na ya Sufuria imeongezeka lakini uzito unapanda kwa kasi ileile, kagua chanzo ambacho hakijaandikwa. Mara nyingi kipo: duka la karibu na shule, au jirani anayeuza maandazi ambaye humgawia mtoto mabaki ya jioni.

Usimpe chai za kupunguza mwili zinazotembezwa mtaani, wala kumfungisha ili akonde. Na usimpunguzie mafuta wala maziwa mtoto wa chini ya miaka miwili bila kuambiwa na mtaalamu. Anyonye maziwa ya mama pekee hadi miezi sita, kisha aendelee kunyonya pamoja na chakula hadi miaka miwili au zaidi.

Yapo yanayotaka daktari moja kwa moja: mtoto mnene anayekojoa mara kwa mara na kuwa na kiu isiyoisha, anayekoroma na kukatika pumzi usingizini, mwenye weusi mnene kama mahameli shingoni au makwapani, anayechechemea kwa maumivu ya nyonga au goti, au mnene ambaye urefu wake umesimama wakati wenzake wanarefuka. Huyu wa mwisho asihukumiwe kwa chakula, kwani huenda ni homoni. Mkienda, beba kadi ya kliniki, vipimo vyote ulivyoandika na tarehe zake, pamoja na lile daftari. Daktari atauliza mtoto anakula nini, na jibu utakuwa nalo kwa maandishi.